Umegombana na fundi wa bomba la majitaka? Hatua za kufuata kabla hujachimba

Swali hunijia kwa sura mbalimbali, lakini ni lile lile. "Fundi kaniunganishia nyumba na bomba kuu la majitaka, hata mwezi haujaisha choo kinarudisha maji. Nifanyeje?" Mwingine: "Kazi haijaisha, na yeye hataki kuigusa mpaka nimmalizie hela." Wa tatu ndiye ninayemwonea huruma zaidi: ameshaita fundi mwingine, mtaro umefukuliwa, bomba limekatwa, na sasa mafundi wawili wanatupiana mpira huku yeye akichungulia shimo. Ushahidi wake umeondoka na chepe.

Mimi ni fundi bomba. Nimeitwa mara nyingi kukagua kazi za wenzangu, na za kwangu pia zimekaguliwa. Karibu kila mgogoro niliouona ungeisha mapema kama mwenye nyumba angepima kwanza, kisha akalalamika. Mambo mengi ya bomba lililofukiwa unaweza kuyajua bila kufukua, tena kwa vifaa vya kawaida tu.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Makubaliano yenu kwa sura yoyote: mkataba, makadirio ya bei, mchoro, hata jumbe za simu. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, ila kuyathibitisha ni mtihani.
- Kumbukumbu za malipo yote, na nani alipokea.
- Kibali cha kuunganisha na karatasi ya ukaguzi, kama vilitolewa.
- Picha zote za siku za kazi, pamoja na zile ulizopiga kwa sababu nyingine. Nimewahi kuona picha ya mtoto akicheza juu ya kifusi ikimaliza ubishi, kwa sababu nyuma yake mtaro ulionekana wazi na bomba limelazwa juu ya mawe.
- Tochi yenye mwanga mkali, kioo kidogo kilichofungwa kwenye fimbo, futi kamba, rangi ya chakula, glavu za mpira na chuma cha kuinulia kifuniko cha chemba, yaani kile kishimo cha kukagulia bomba.
- Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wa waashi wa kupimia usawa, mrefu kuliko umbali kati ya chemba zako mbili.
- Daftari moja. Moja tu, usiandike huku na kule.

Kabla hujafunua chochote, sikia hili. Usiingie ndani ya chemba wala shimo la majitaka, hata kwa dakika moja, hata kama halinuki. Hewa ya mle ina gesi zinazoua, na mojawapo, ile yenye harufu ya yai viza, ikizidi huua uwezo wa pua kunusa. Unaweza kudhani harufu imeisha kumbe ndiyo imekuwa nyingi. Usivute sigara hapo wala kumulika kwa moto. Watoto wakae mbali na shimo lililo wazi. Mtaro unaozidi urefu wa kiuno nao usiushukie kama kuta zake hazijaegemezwa. Udongo hauna hodi.

Hatua ya 1: Andika siku kwa siku

Anza leo. Tarehe, saa, choo au sinki gani, maji yalifika wapi, mvua ilikuwa inanyesha au la, nani alikuwepo. Usiandike "choo kinasumbua sana". Andika hivi: "Jumanne saa 1 asubuhi, baada ya kuoga watu wawili, maji meusi yalitoka kwenye tundu la bafu la chini, yakakaa dakika 40, yakashuka yenyewe." Mtu anayeielewa kazi akisoma sentensi hiyo tayari anajua kitu: maji yanashuka taratibu, kwa hiyo njia haijaziba kabisa.

Hiyo habari ya mvua usiiruke. Kama maji hurudi siku za mvua tu, huenda maji ya paa au ya uwanja yameelekezwa kwenye bomba la majitaka. Sehemu nyingi hilo haliruhusiwi, na uliza kwa uaminifu ni nani aliyeyaelekeza. Mara nyingine ni mwenye nyumba mwenyewe, baada ya fundi kuondoka.

Hatua ya 2: Jua tatizo liko upande gani

Watu wengi huiruka hatua hii na kuanza kumlaumu fundi kwa kosa la bomba kuu. Wakati maji yamerudi, funua chemba ya karibu na nyumba, kisha ile ya mpakani, ya mwisho kabla ya bomba kuu.

- Chemba ya nyumba ni kavu na choo kimejaa: tatizo liko ndani ya nyumba au kati ya choo na chemba hiyo. Kama mkandarasi wako alianzia kwenye chemba, huenda hahusiki kabisa.
- Chemba ya nyumba imejaa, ya mpakani ni kavu: tatizo liko kati ya chemba hizo mbili. Hapo ndipo kazi ya fundi ilipo.
- Zote mbili zimejaa: maji hayana pa kwenda mbele. Waulize majirani. Kama nao wanalia, piga simu kwa mamlaka ya majitaka kabla hujampigia fundi. Kama ni wewe peke yako, shaka iende kwenye kile kipande cha mwisho kinachoingia bomba kuu.

Je, maji yanafika kweli kwenye bomba kuu? Mimina rangi ya chakula chooni, vuta maji mara tatu nne, na mtu asimame kwenye chemba ya mbele, ile ya bomba kuu, akitazama. Rangi isipotokea baada ya muda wa kutosha, kuna maswali. Nimeshakuta "muunganisho" ulioishia kwenye shimo la kokoto, mita mbili kabla ya bomba kuu. Kwa mwaka mzima mwenye nyumba hakujua, kwa sababu udongo ulikuwa ukinywa.

Rangi ikitokea kwenye mfereji wa maji ya mvua, umeunganishwa pasipo. Hilo ni kosa kubwa na pia ni uchafuzi. Usilinyamazie kwa kuogopa faini. Ukilitangulia kulisema unasimama pazuri zaidi kuliko likigunduliwa na wengine.

Hatua ya 3: Pima bomba bila kulifukua

Vipimo viwili vinatosha kwa mtu wa nyumbani.

*Cha kwanza, tochi na kioo.* Kinafanya kazi pale bomba linapokwenda moja kwa moja kati ya chemba mbili. Mwaga maji mengi, subiri dakika kumi yapite. Mtu mmoja, akiwa juu ya ardhi, amulike ndani ya bomba kutoka chemba ya juu. Wewe teremsha kioo kwa fimbo kwenye chemba ya chini, kikae kwa mshazari mbele ya tundu, utazame. Ukiona duara kamili, kama mwezi wa kumi na tano, bomba limenyooka. Ukiona kipande tu cha mwezi, limepinda au limefanya tumbo, yaani limebonyea katikati. Na kama duara limekatwa chini kwa mstari bapa unaometameta, hayo ni maji yaliyotuama: kuna sehemu imekaa chini kuliko jirani zake, na uchafu utalala hapo kila siku. Piga picha ya kioo. Haitakuwa nzuri, lakini piga.

*Cha pili, mteremko.* Bomba la nyumba lenye kipenyo cha milimita 100 au 110 kwa kawaida hulazwa na mteremko wa 1 kwa 40 hadi 1 kwa 80, kutegemea kanuni za mahali na wingi wa maji. Mafundi wengi hushika sentimita 2 kwa kila mita, yaani 1 kwa 50. Kupima fanya hivi:

1. Jaza mpira maji mpaka hakuna hata kiputo kimoja cha hewa ndani. Viputo ndivyo vinavyowadanganya wengi.
2. Ncha moja ishikwe juu ya chemba ya kwanza, nyingine juu ya chemba ya pili. Ncha zote ziwe wazi, bila kidole. Subiri maji yatulie kabisa.
3. Usawa wa maji kwenye ncha mbili ni mmoja, hata kama uwanja una mwinuko. Kutoka usawa huo, pima kwenda chini hadi kwenye sakafu ya ndani ya bomba, pale maji yanapopita. Fanya hivyo pande zote mbili.
4. Toa kipimo kidogo kwenye kikubwa. Jibu ndilo anguko la bomba.

Mfano. Chemba zimeachana mita 18. Ya juu umepata sentimita 74, ya chini 83. Anguko ni sentimita 9. Gawanya 1,800 kwa 9, unapata 200: mteremko ni 1 kwa 200. Kwa 1 kwa 50 ungetarajia sentimita 36. Hata kwa 1 kwa 80 zingehitajika 22 na nusu. Hapo huna haja ya kupaza sauti.

Rudia kipimo mara tatu. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, mpira una hewa au mkono unatikisika. Na kumbuka anguko la jumla linaweza kuwa sawa huku katikati kuna tumbo. Ndiyo maana tunatumia kioo pia.

Kama huna chemba mbili, au bomba lina kona njiani, tafuta mwenye kamera ya mabomba. Mwambie aanze kurekodi kamera ikiwa bado juu ya ardhi, ionyeshe nyumba, kisha chemba, ndipo iingie, na namba ya umbali ionekane kwenye picha. Video inayoanzia ndani ya bomba ni rahisi kuikana: "Hilo bomba la nani?"

Hatua ya 4: Soma upya mlichokubaliana

Tafuta mambo manne: kazi yake ilianzia wapi na kuishia wapi, bomba la kipenyo gani, nani wa kushughulikia kibali na ukaguzi, na nani wa kurudisha barabara au uwanja ulivyokuwa. Ugomvi mwingi ninaouona umelala kwenye hayo mawili ya mwisho, maana kila mmoja alidhani ni ya mwenzake.

Kisha kuna kazi ya ziada, na hapa naomba uwe mkweli. Fundi anachimba, anakuta mwamba, au anakuta bomba kuu liko chini zaidi ya alivyoambiwa. Anakuja: "Bosi, hapa hela itaongezeka." Wewe una haraka, unamjibu: "Endelea tu, tutaongea." Neno hilo limewagharimu wengi. Ukishamruhusu aendelee huku ukijua gharama inapanda, ni vigumu baadaye kusema hukukubali chochote. Mnaloweza kubishania ni kiasi: mita ngapi za mwamba, kwa bei gani, picha ziko wapi. Lakini kama alikuletea bei mpya baada ya kufukia, bila kukuonyesha kitu, mwambie athibitishe.

Jikague na wewe. Vitambaa, nepi na taulo za kike chooni. Mafuta ya kupikia kwenye sinki. Gari linalopita juu ya bomba lisilofukiwa kina cha kutosha. Tofali lililoanguka kwenye chemba iliyoachwa wazi na mafundi wa rangi. Haya yakitokea kwenye ukaguzi bila wewe kuyasema, hata madai yako ya haki yanapoteza uzito.

Hatua ya 5: Mwite aje mpime pamoja

Usimwite kumfokea. Mwambie una vipimo, na ungependa avione akiwa na wewe. Wapo watakaokuja, wakainama kwenye kioo, wakanyamaza kidogo, kisha wakasema, "Haya, nitarekebisha." Wengi wetu siyo wezi. Mara nyingi kibarua ndiye aliyelaza kipande kile wakati mkandarasi amekwenda kufuata vifaa.

Awepo mtu mmoja asiye wa upande wowote. Andikeni vipimo papo hapo na wote muweke sahihi. Sahihi hiyo isiwe ya kukiri kosa; iwe ya kukubali kwamba namba ni hizo. Ukimdai akiri kosa atakataa kusaini, na utakosa vyote viwili.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumruhusu fundi mwingine afukue kabla wa kwanza hajapewa nafasi ya kuona na kurekebisha. Kama majitaka yameingia ndani na huwezi kungoja, fanya la dharura tu: kuzibua, au kufungua njia ya muda. Piga picha kabla, wakati na baada. Kipande chochote kinachokatwa kisitupwe. Kioshwe, kiandikwe tarehe na mahali kilipotoka, kiwekwe stoo.

Hatua ya 6: Mwandikie

Simu haitoshi. Andika barua, ifikishe kwa njia inayoacha alama, na ubaki na nakala. Mfano:

> Ndugu …,
>
> Tarehe … ulikamilisha kuunganisha bomba la majitaka kutoka nyumbani kwangu hadi chemba ya mpakani. Tarehe …, … na … maji yalirudi kwenye bafu la chini. Tarehe … tulipima pamoja, tukapata anguko la sentimita 9 katika mita 18. Makadirio yako ya tarehe … yalitaja mteremko wa 1 kwa 50, sawa na sentimita 36.
>
> Naomba ulirekebishe bomba hilo kwa gharama yako, uanze kabla ya tarehe …, na lisifukiwe kabla halijapimwa. Usipoanza hadi tarehe hiyo, nitampa kazi hiyo fundi mwingine na kukudai gharama yake.
>
> Ukitaka kuja kukagua, nipo nyumbani kila siku baada ya saa 10 jioni.

Muda wa wiki mbili ni wa haki kwa kazi ya kawaida. Kama majitaka yanamwagika, siku chache. Usimwite mwizi. Usitishie kumchafulia jina. Barua hii huenda siku moja ikasomwa na mtu asiyewajua nyote wawili, na huyo ndiye unayemwandikia hasa.

Hatua ya 7: Hela iliyobaki

Usilipe yote kabla ya maji kupita na kipimo kufanyika. Lakini pia usishikilie yote kwa kosa dogo. Kama chemba moja tu haina kifuniko kizuri, kuzuia nusu ya malipo kunakugeuza wewe kuwa mkosaji. Shikilia kiasi kinacholingana na gharama ya kurekebisha, kwa kutegemea makadirio ya mafundi wawili au watatu wengine, na umwandikie ni kiasi gani na kwa nini. Katika mikataba ya ujenzi ni jambo la kawaida kubakiza asilimia 5 hadi 10 ya malipo kwa kipindi cha uangalizi baada ya kazi kuisha. Kama hukuiweka mwanzoni huwezi kuizua sasa, ila iweke kwenye mkataba ujao.

Hatua ya 8: Akikataa

Anza na mkaguzi wa mamlaka inayosimamia majitaka. Kama muunganisho haukupata kibali au hauendani na kanuni, maneno yake yana nguvu kuliko yangu na yako. Kama mkandarasi amesajiliwa, kuna chombo kilichompa leseni, nacho hupokea malalamiko. Baada ya hapo usuluhishi, kisha mahakama inayoshughulikia madai madogo kama ipo unapoishi. Madai yana muda wa kikomo kisheria, kwa hiyo usiyakalie miaka. Kabla ya kufungua kesi lipia angalau saa moja ya mwanasheria, hasa kama uharibifu umeingia ndani ya nyumba au kwa jirani.

Hatua ya 9: Marekebisho yakifanyika

Simama hapo. Bomba lilale juu ya mchanga au kokoto ndogo, lisilale juu ya mawe wala vipande vya matofali vya kuliinulia. Kona kali ya digrii 90 ikwepwe, ziwekwe mbili za 45. Kabla ya kufukia, zibeni mwisho wa chini, jazeni maji mpaka kwenye chemba ya juu, chora alama, ngojeni nusu saa. Maji yakishuka, tafuteni kiungo kinachovuja. Angalia tu usawa wa maji usipande juu ya tundu la chini kabisa la ndani, usije ukafurika sebuleni kwa kipimo chako mwenyewe.

Ukikwama

*Hapokei simu.* Tuma barua kwa anwani iliyo kwenye makadirio au risiti, na ujumbe wa simu wenye picha ya barua hiyo. Hifadhi uthibitisho wa kutuma. Tarehe ikipita, endelea na hatua ya 8.

*Anasema umeziba mwenyewe kwa vitambaa.* Zibua mbele yake. Kama kuna vitambaa, kubali. Kama baada ya kuzibua kioo bado kinaonyesha mstari wa maji, vitambaa vilinasa kwenye tumbo alilolitengeneza yeye. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli, na gharama inaweza kugawanywa.

*Anasema ardhi imetitia.* Ardhi hutitia zaidi pale udongo uliporudishwa bila kushindiliwa kwa matabaka. Muulize alishindilia vipi na kwa kifaa gani.

*Anasema ulisaini kupokea kazi.* Sahihi inashuhudia ulichoweza kuona. Kosa lililofukiwa chini ya udongo hukuliona siku ile, na katika sheria za nchi nyingi kosa lililojificha hutazamwa tofauti. Mpe mwanasheria karatasi hiyo aisome.

*Kazi ilifanyika bila kibali.* Rekebisha hili kwanza, hata kama fundi ndiye aliyekuambia hakihitajiki.

*Mamlaka inasema kipande kilichoharibika ni chako, fundi anasema ni cha mamlaka.* Omba mamlaka ikuandikie mpaka wa wajibu uko wapi: kwenye uzio, kwenye chemba ya mpakani, au mpaka kwenye bomba kuu lenyewe. Sehemu hutofautiana. Karatasi hiyo ukiipata, mpelekee fundi nakala siku hiyo hiyo.

Mambo yakishatulia, chora mchoro mdogo wa njia ya bomba kabla hujapanda majani. Kila chemba na kila kona ipimwe kutoka kwenye pembe mbili za nyumba, kina kiandikwe pembeni. Kopi moja bandika ndani ya mlango wa kabati la mita ya maji. Fundi atakayekuja baada ya miaka kumi hatajua jina lako, lakini atajua pa kuweka sululu.